Vifaa vya "mgonjwa wa kiharusi" mjini Kigoma: kipi kinamfaa aliyepigwa kisogoni

Ukiingia famasi kubwa mjini Kigoma ukasema una mgonjwa wa kiharusi nyumbani, hutakosa kuonyeshwa vitu hivi: mashine ya presha, fimbo ya miguu minne, kampira ka kukamua mkononi, na siku hizi kifaa cha umeme cha kukanda shingo. Muuzaji hana nia mbaya. Anamfikiria mtu aliyepooza upande mmoja: mdomo umekwenda kombo, mkono unaning'inia, mguu unaburuta. Lakini yupo mgonjwa mwingine ambaye mikono yake yote miwili ina nguvu za kumenya muhogo, ila akisimama anapepesuka kama aliyelewa, akinywa maji yanampalia, na akimtazama mjukuu wake anaona wawili. Huyo kiharusi kimempiga kisogoni. Vifaa hivi tumevipima kwa ajili yake yeye tu.

Kwa nini yuko tofauti? Damu hupanda kwenye ubongo kwa njia mbili. Mbele ni mishipa ya karotidi, ile inayodunda ukigusa pembeni ya koromeo. Nyuma ni ateri mbili za vetebra, ambazo hupenya kwenye vitundu vya mifupa ya shingo, zikishaingia fuvuni zinaungana kuwa ateri moja, basila. Njia hii ya nyuma hulisha shina la ubongo, serebela (ule ubongo mdogo wa kisogoni unaoratibu mwendo na mizani ya mwili), na sehemu inayopokea picha kutoka machoni. Kati ya viharusi vya mshipa kuziba, takriban 1 kati ya 5 hutokea huku. Vinakuja na kizunguzungu cha ghafla, kutapika, kuona vitu viwili viwili au nusu ya picha kupotea, ulimi mzito, sauti ya kukwaruza, kwikwi isiyokoma, na miguu isiyobeba mwili ingawa ina nguvu. Kuna aina moja aliyoieleza daktari Mjerumani Adolf Wallenberg mwaka 1895, ambayo ganzi hushika upande mmoja wa uso na upande wa pili wa mwili. Anayekagua uso, mkono na maneno peke yake anaweza kumpita mgonjwa huyu, ndiyo maana siku hizi watu hufundishwa kuongeza mizani na macho kwenye orodha. Hata CT (picha ya ndani ya kichwa inayopigwa kwa eksirei) ya saa za mwanzo inaweza kutoka safi, kwa kuwa mifupa minene ya kisogoni huchafua picha. Jibu la "CT haina kitu" lisiwarudishe nyumbani kama mtu bado hawezi kusimama.

Na kabla ya kutoa hela yoyote: serebela iliyokosa damu huvimba, hasa kati ya siku ya 2 na ya 5. Nafasi huko nyuma ni finyu, uvimbe hubana njia ya maji ya ubongo. Mgonjwa aliyekuwa anaongea vizuri jana, leo akawa msinziaji, kichwa kinamuuma upya na anatapika tena, ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Anaweza kuhitaji upasuaji, na kutoka Kigoma safari ya kwenda kwa madaktari wa upasuaji wa ubongo ni ndefu. Rufaa ianze mapema.

Mashine ya presha: nunua hii kwanza

Kama hela inatosha kitu kimoja, kiwe hiki. Presha ya kupanda ndiyo adui mkubwa wa kiharusi cha aina yoyote, na kwa aliyepigwa kisogoni mashine hii ina kazi nyingine mbili ambazo wauzaji hawazitaji.

Chukua ya mkono wa juu, ile ya kafu inayofungwa juu ya kiwiko. Za kifundo cha mkono ni nyepesi na zinapendeza, lakini zinasema kweli pale tu kifundo kinapokaa usawa wa moyo, na mgonjwa anayetetemeka mkono hawezi kukituliza hapo. Za kidole ziache dukani. Kuna orodha ya kimataifa iitwayo STRIDE BP inayotaja modeli zilizothibitishwa usahihi. Ingiza namba ya modeli iliyo kwenye boksi kwenye simu yako ukiwa bado kaunta. Mashine mbili za kampuni moja zinaweza kufanana sura, moja imethibitishwa na nyingine haijathibitishwa.

Kosa kubwa la kununua ni kafu. Inayokuja ndani ya boksi mara nyingi ni ya mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mama mwenye mkono wa sentimita 36 akifungwa kafu hiyo, mashine itasoma juu kuliko presha yake halisi, ataongezewa dawa asizohitaji, kisha ataanguka chooni kwa presha kushuka. Nenda dukani na futi ya fundi cherehani ukiwa umeshapima katikati ya bega na kiwiko. Ikizidi 32, omba kafu kubwa ya 32 hadi 42. Ikiwa hawana, subiri iagizwe.

Namna ya kupima: mgonjwa akojoe kwanza, asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa ndani ya dakika 30, akae kwenye kiti chenye mgongo dakika 5, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Kafu ikae juu ya ngozi, si juu ya shati, ukingo wake wa chini vidole viwili juu ya mkunjo wa kiwiko. Asiongee, na anayempima naye anyamaze, maana kujibu salamu tu kunapandisha namba. Pima mara mbili kwa kuachia dakika 1, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku 7. Siku ya kwanza ifute, zilizobaki tafuta wastani. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi ni presha ya juu. Andika kwenye daftari. Kumbukumbu ya mashine huchanganya namba za mgonjwa na za jirani aliyekuja kujaribu.

Kazi ya kwanza isiyotajwa ni kupima mikono yote miwili. Ateri ya vetebra huchipuka kutoka kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu mkononi, unaopita chini ya mtulinga. Mshipa huo ukiwa umebanwa kabla ya tawi, mkono ukifanya kazi ya nguvu (kuvuta nyavu, kutwanga, kufua) unaweza kuvuta damu ya kisogoni iteremke kwake, na mtu akapata kizunguzungu papo hapo. Namba ya juu ya mkono mmoja ikizidi ya mwingine kwa 20 kila unapopima, mwambie daktari. Baada ya hapo tumia siku zote mkono wenye namba kubwa.

Ya pili ni kupima akiwa amesimama, dakika ya 1 na ya 3 baada ya kuinuka. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, kizunguzungu anacholalamikia huenda si kiharusi kipya. Inaweza kuwa dawa, upungufu wa maji, au vyote viwili. Kwa mgonjwa anayeyumba kipimo hiki kinataka watu wawili, mmoja kwenye mashine, mwingine kiunoni kwake. Na mashine ikionyesha alama ya mapigo yasiyo na mpangilio mara kwa mara, usiidharau: mpeleke akapigwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo), kwa sababu moyo unaopiga ovyo hutengeneza mabonge ya damu na kuyarusha kwenye ubongo, na dawa za hali hiyo ni tofauti.

Mashine hizi hufa kwa mambo madogo. Betri za bei rahisi huchoka, pampu inajaza polepole, kisha inaandika kosa na familia inadhani mgonjwa ndiye mbaya. Mpira unaokunjwa ndani ya boksi hupata ufa pale pale kwenye mkunjo. Velkro ya kafu, ule ukanda wa kunata, hujaa nyuzi za blanketi, ikiachia katikati ya kipimo namba hazina maana. Mara moja kwa mwaka ipeleke kliniki ilinganishwe na ya kwao.

Fimbo ya miguu minne, kampira, na woka

Fimbo ya miguu minne tunaikataa kwa mgonjwa huyu. Imetengenezwa kwa mtu mwenye mguu mmoja dhaifu na mkono mmoja unaotii. Aliyeumia serebela ana nguvu ila hana shabaha. Akiitupa mbele inatua kwa miguu miwili, anaiegemea, inapinduka naye akiwa juu yake. Mtazame akishika kikombe: kama mkono unapita kikombe kisha unarudi, fimbo hiyo itamwangusha.

Kampira ka kukamua hakana dhara wala faida. Vidole vyake havikuwa na tatizo.

Kinachomfaa wengi wao ni woka, fremu ya kushika kwa mikono miwili wakati wa kutembea, na hapa chaguo ni kati ya tatu. Isiyo na magurudumu lazima inyanyuliwe kila hatua, na sekunde ile ikiwa hewani ndipo anapoanguka kinyumenyume. Ya magurudumu manne yenye kikalio ni nzuri kwa mzee anayechoka haraka, lakini kwa mtu asiye na mizani inamkimbia, na Kigoma mji umekaa vilimani: kutoka mlangoni hadi barabarani kwa wengi ni mteremko. Chukua yenye magurudumu mawili mbele na raba mbili nyuma. Inasukumwa bila kunyanyuliwa, na ikielemewa raba zinashika ardhi.

Urefu: asimame wima amevaa viatu vyake vya kila siku, mikono ikining'inia. Mshikio uwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono, ili akishika kiwiko kipinde kidogo, kama nyuzi 20 hadi 30. Ikiwa juu sana atalala nyuma, ikiwa chini atainama na macho yataganda miguuni. Kabla ya kulipa, pima upana wa mlango wa choo na wa chumba. Woka isiyoingia chooni inamwacha mgonjwa ajitegemee mahali palipo na utelezi kuliko pote. Kagua raba za chini: zikiisha mistari, kwenye sakafu ya saruji yenye maji ni kama sabuni. Nunua jozi ya akiba siku hiyo hiyo, kwa sababu raba ndiyo sehemu inayoisha kwanza.

Woka za aluminiamu ni nyepesi mno kwa baadhi ya wagonjwa hawa. Mtetemo wa mwili unaitikisa woka nayo inautikisa mwili. Wapo wanaotulia ukifunga kifuko cha mchanga cha kilo 1 au 2 kwenye bomba la chini la mbele, wapo wanaochoka tu. Lijaribiwe mbele ya mfiziotherapia. Fundi seremala wa mninga anaweza kukutengenezea nzito na imara, ila mpe vipimo vya urefu na umwambie magurudumu yasiwe yale ya kiti cha ofisi yanayogeuka kila upande. Yawe ya kwenda mbele tu.

Msaidizi asimshike mkono. Mgonjwa huyu huvutwa upande mmoja, na mwenye aina ya Wallenberg huanguka kuelekea upande ulioumia. Simama upande huo huo anaolalia, nusu hatua nyuma yake, ukishika mkanda mpana uliofungwa kiunoni juu ya nguo. Khanga iliyosokotwa inafungua fundo pale unapoihitaji.

Unga wa kufanya kinywaji kiwe kizito

Hiki ndicho kifaa ambacho wauzaji wachache wanakifahamu, na kwa mgonjwa wa shina la ubongo kinaweza kuwa muhimu kuliko woka. Misuli ya kumezea ikichelewa, maji huwahi kuingia kwenye njia ya hewa. Wengine hukohoa. Wengine hawakohoi kabisa, chakula kinateremka mapafuni kimya kimya, na baada ya siku chache wana homa na kifua kimebana. Kwa hiyo asipewe chochote mdomoni, hata maji ya dawa, mpaka mhudumu wa afya aangalie umezaji wake. Uzito wa kinywaji nao unaamuliwa huko, si sokoni.

Wakikuambia kinywaji kiwe kizito, soma viungo nyuma ya kopo. Unga wa gundi ya xanthan hubaki ulivyo. Unga wa wanga una kasoro ambayo uji wetu unayo vilevile: mate huumeng'enya. Chukua kikombe cha uji wa muhogo uliokaa vizuri, mlishe mgonjwa kwa kijiko kile kile kinachorudi kikombeni. Kabla hajafika nusu, juu ya kikombe kumeshatanda maji maji, na hayo maji ndiyo yanayompalia mwishoni mwa mlo wakati kila mtu anadhani amemaliza salama. Kopo la xanthan kwa kawaida itabidi liagizwe, na linaweza kuchelewa. Kama unatumia uji kwa sasa, mimina kidogo kidogo kwenye kibakuli, kijiko cha mdomoni kisirudi kwenye sufuria kuu.

Usipime uzito kwa macho. IDDSI, mfumo wa kimataifa wa kupanga madaraja ya uzito wa vinywaji na vyakula vya wagonjwa wa kumeza, una kipimo cha bei ya kutupwa: bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano. Mistari yake kutoka 0 hadi 10 iwe na urefu wa milimita 61.5, maana mabomba hayafanani. Ziba tundu kwa kidole, jaza hadi 10, achia kwa sekunde 10, ziba tena, soma kilichobaki. Mililita 1 hadi 4 ni daraja la 1, 4 hadi 8 daraja la 2, zaidi ya 8 daraja la 3. Kisichochuruzika kabisa hakipimwi hivi. Pima kikiwa katika joto atakalonywea, kwani uji wa moto na uliopoa si kitu kimoja.

Kikombe chenye mdomo kama birika, kinachouzwa kwa wagonjwa, tunakipa alama ya chini: kinamlazimisha kurudisha kichwa nyuma, na njia ya hewa inafunguka. Mrija nao unaleta maji mengi kwa kasi. Kata kikombe cha plastiki kwa umbo la nusu duara upande wa pua, lainisha ukingo kwa msasa. Atakunywa kichwa kikiwa sawa. Akae wima kabisa, kijiko kidogo cha mililita 5 kwa wakati, mdomo uwe mtupu kabla ya kijiko kingine, na abaki ameketi dakika 30 baada ya kula. Wengine hufundishwa kugeuza uso kuelekea upande dhaifu wa koo ili chakula kipite upande mzima, lakini upande upi aseme mtaalamu. Sauti ikianza kuwa na maji maji kama mtu anayesukutua, simamisha mlo.

Chakula cha Kigoma kina mitego yake. Mgebuka ni mtamu lakini miba yake haisamehe. Dagaa wazima wana vichwa vinavyosambaa mdomoni. Wali uliochambuka na mandazi makavu hutawanyika. Ugali wa muhogo unanata kooni. Supu yenye vipande ni mbaya kuliko supu tupu na kuliko vipande vitupu, kwa sababu maji yanatangulia wakati anatafuna. Kinachopita kirahisi zaidi ni ndizi zilizopondwa zikalainishwa kwa mawese, parachichi, papai bivu, na kisamvu kilichotwangwa mpaka nyuzi zikaisha.

Na vidonge: usivisage kabla ya kumuuliza mfamasia. Nifedipine, dawa ya presha, ile ya kutoa dawa polepole ikisagwa inamwagika yote mwilini kwa mara moja, na presha inaporomoka kwa mtu ambaye ubongo wake hauwezi kukosa damu tena.

Kifuniko cha jicho, kiti cha choo

Kwa anayeona viwili viwili, kifuniko cheusi cha jicho ni rahisi na kinafanya kazi siku ile ile. Kibadilishwe jicho kila siku, jicho moja lisilale. Kasoro yake ni kwamba jicho moja halipimi kina, ngazi na mitaro zinakuwa hatari, hivyo siku za kwanza asitembee peke yake. Kama ana miwani, plasta ya karatasi iliyobandikwa juu ya kioo kimoja inatosha na mwanga unapita. Jicho lisilofumba kwa sababu uso umelegea ni jambo tofauti: linakauka na kupata kidonda, linahitaji mafuta ya macho na kufungwa wakati wa kulala.

Kiti cha choo cha fremu ya bomba, chenye tundu na ndoo chini yake, kinafaa sana, kwa kuwa kuchuchumaa ndiko kunakomwangusha. Toa ndoo, kiweke kiti juu ya tundu la choo, hakikisha miguu yote minne imekaa kwenye saruji na haina magurudumu.

Kifaa cha kukanda shingo

Tunakipa sifuri. Ateri za vetebra zinapita ndani ya mifupa ya shingo, na moja ya sababu za kiharusi cha kisogoni, hasa kwa vijana, ni ukuta wa ateri hizo kuchanika. Dalili yake ya mwanzo inaweza kuwa maumivu ya shingo na kisogo, yaani maumivu yale yale yanayomfanya mtu anunue kifaa hiki. Kuzungusha au kukunja shingo kwa nguvu kunahusishwa na mchaniko huo, na hilo linamgusa pia kinyozi anayemalizia kazi kwa kuipinda shingo ya mteja mpaka ilie. Mgonjwa akinyolewa, kinyozi aambiwe mapema aishie kwenye ndevu. Kifaa kama bado kimo ndani ya boksi, kirudishe dukani ubadilishiwe na kafu kubwa.